Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kujenga mji mkuu mpya na maeneo ya kisasa ya maofisi

Nimefuatilia habari za miji mikuu mipya kwa miaka mingi sasa na kila mada hii ikiibuka maswali yanarudi yale yale, kwa hiyo nimeyakusanya hapa pamoja. Majibu mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe ni refu, mengine mafupi. Naomba niseme msimamo wangu mapema ili usije ukashangaa huko mbele: mi naamini mji mkuu mpya unatakiwa kupangwa kuanzia kwa mfagizi, yaani yule anayedeki ofisi saa kumi na moja alfajiri, tujue atalala wapi na atafika kazini kwa usafiri gani, alafu ndo tuje kwenye wizara na mnara wa vioo. Karibu miji yote nitakayoitaja ilianza kinyume, na gharama yake inaonekana mpaka leo.

Nchi ina mji mkuu tayari, kwa nini ihangaike kujenga mwingine?

Sababu zinazotajwa ni nyingi ila ukizichambua zinabaki kama nne hivi. Kuna ugomvi wa nani awe mkubwa: Australia ilipoungana 1901 Sydney na Melbourne hakuna aliyekubali mwenzake apewe, ikabidi katiba yenyewe iandike kwamba mji mkuu uwe ndani ya jimbo la New South Wales lakini usipungue maili 100 kutoka Sydney, na Bunge likae Melbourne kwa muda. Huo muda ukawa miaka 26, mpaka 1927 walipohamia Canberra.

Kuna kuvuta nchi kuelekea katikati, hiyo ndo hoja ya Brazili, ya Nigeria na ya Tanzania, kwamba mji wa pwani ulioachwa na mkoloni unanyonya kila kitu na bara hakufiki barabara. Kuna mji wa zamani kuelemewa, kama Cairo na Lagos, au Jakarta ambako ardhi yenyewe inadidimia kwa sababu watu wamevuta maji ya chini kwa visima miaka na miaka. Na kuna usalama na siasa, Kazakhstan ilitoka Almaty 1997 ambako ni karibu na mpaka na ni eneo la matetemeko, Myanmar ikahama Yangon kwenda Naypyidaw 2005 bila hata wananchi kuandaliwa.

Uliza sababu kwanza kabla hujaangalia michoro, kwa sababu sababu ndo inatakiwa kuamua kinachojengwa. Kama tatizo ni foleni na msongamano, kujenga kilomita 45 kutoka mji wa zamani kama walivyofanya Misri maana yake watu wataendelea kuishi kule na kusafiri kila siku, kwa hiyo treni inatakiwa iwe tayari kabla ya jengo. Kama lengo ni kufungua bara, basi barabara za kutoka mji mpya kwenda mikoani zina uzito kuliko barabara pana za ndani.

Inachukua miaka mingapi?

Kuhamisha serikali kunawezekana haraka kuliko watu wanavyodhani, ila mji ni kitu kingine. Brasília ndo mfano ambao kila kiongozi anapenda kuutaja: Juscelino Kubitschek aliingia madarakani Januari 1956 na tarehe 21 Aprili 1960 mji ukazinduliwa, miaka minne na kidogo tu, kwenye nyanda ambazo hazikuwa na barabara ya maana, vifaa vingine vikipelekwa kwa ndege. Haraka yake ilikuwa na maana, muhula wa urais ulikuwa miaka mitano na huruhusiwi kugombea tena mfululizo, alijua akiacha nusu atakayekuja hatamalizia. Kinachosahaulika ni kwamba wazo lenyewe lilikuwa kwenye katiba ya Brazili tangu 1891, kwa hiyo walikaa nalo zaidi ya miaka 60 kabla ya kumpata mtu mwenye haraka ile.

Abuja ya Nigeria amri ilitoka Februari 1976 chini ya mtawala wa kijeshi Murtala Mohammed, serikali ikahama rasmi 12 Desemba 1991. Dodoma TANU iliamua 1973, mamlaka ya kustawisha makao makuu ikaundwa mwaka huo huo, mpango kabambe ukatoka 1976, alafu ikaja vita ya Kagera na uchumi ukayumba vibaya, baadaye Bunge likawa linakaa Dodoma huku wizara zimebaki Dar es Salaam, mpaka 2016 Rais Magufuli alipotangaza kwamba serikali nzima inahama na ndo baadaye Mji wa Serikali ukaanza kujengwa Mtumba. Hesabu mwenyewe, miaka 43 toka uamuzi.

Na hata mji ukishaanza kufanya kazi bado haujaisha. Canberra mchoro ulioshinda ni wa 1912, wa Walter Burley Griffin na mkewe Marion Mahony Griffin, na katikati ya mchoro ule kulikuwa na ziwa. Ziwa lilijaa maji 1964. Zaidi ya miaka 50 watu waliishi kwenye mji ambao katikati yake ni bonde la malisho na daraja la kuvukia mto, wakisubiri.

Mji mkuu na makao ya serikali ni kitu kimoja?

Sio lazima. Uholanzi mji mkuu kikatiba ni Amsterdam lakini serikali iko Den Haag. Malaysia ofisi ya waziri mkuu ilihamia Putrajaya 1999, ila Kuala Lumpur ndo mji mkuu mpaka leo na Bunge liko huko. Korea Kusini walitaka kuhama kabisa, mahakama ya katiba ikazuia 2004 ikisema Seoul kuwa mji mkuu ni desturi yenye nguvu ya katiba, kwa hiyo wakajenga Sejong kama mji wa wizara, uliozinduliwa 2012, huku Bunge likibaki Seoul. Matokeo yake ofisa anashinda barabarani kupeleka mafaili kwa wabunge na kurudi.

Côte d'Ivoire nao walitangaza Yamoussoukro 1983, kuna basilika kubwa mno iliyowekwa wakfu 1990, lakini wizara na balozi nyingi zimebaki Abidjan. Tangazo peke yake halihamishi mtu.

Nani analipa?

Hapa inabidi uwe makini kwa sababu jibu rasmi la siku hizi huwa ni kwamba mradi utajilipa wenyewe kwa kuuza viwanja. Mantiki yake ni hii: serikali inamiliki ardhi ya jangwa au pori, inaunda kampuni, kampuni inaweka barabara na umeme, thamani inapanda, inawauzia wajenzi binafsi kwa bei mpya, hela inayopatikana inajenga wizara. Misri walienda kwa njia hiyo na mji wao uliotangazwa Machi 2015. Inawezekana kabisa, lakini angalia hilo linafanya nini kwa bei. Ukitegemea kuuza kiwanja ili ujenge mji, huwezi kuuza kwa bei ya karani, unahitaji mnunuzi mwenye hela, kwa hiyo mji unakuwa wa wenye hela kabla haujapata mkazi wa kwanza. Ndo maana narudia hoja ya mfagizi, sio huruma tu, ni hesabu ya toka mwanzo.

Njia ya pili ni serikali kuchangia sehemu na wawekezaji wamalizie. Indonesia makadirio ya Nusantara, mji mpya wa kuchukua nafasi ya Jakarta, yalikuwa rupia trilioni 466, kama asilimia 20 tu kutoka bajeti ya serikali. Mwaka 2022, mwaka ule ule sheria ya mji ilipopitishwa, SoftBank ya Japani iliyokuwa inategemewa ikajitoa. Mwekezaji anasubiri kuona watu, watu wanasubiri kuona huduma, huduma zinamsubiri mwekezaji, na hapo ndo miradi mingi inapokwama.

Brazili wao walikopa na kuchapisha fedha, na mfumuko wa bei uliofuata ulimuumiza mwananchi ambaye hajawahi hata kuiona Brasília.

Vibarua wanaojenga mji wanaishi wapi ukishaisha?

Asante kwa yeyote aliyewahi kuuliza swali hili kwa sababu ndo swali lenyewe.

Brasília ilijengwa na makumi ya maelfu ya watu waliotoka sehemu kavu za kaskazini mashariki na kwingineko, waliitwa candangos. Mpango wa Lúcio Costa, yule mtaalamu aliyechora ramani ya mji, ulikuwa mzuri kwa namna yake na nitaeleza chini, ulikusudia watu 500,000. Lakini vibarua walihesabiwa kama watu wa kupita. Walijengewa kambi, na pembeni kukaachwa mji wa mbao wa maduka na nyumba za kulala wageni ulioanzishwa 1956 ukiitwa Mji Huru, ambako waliwaruhusu wafanyabiashara bila kodi kwa makubaliano kwamba siku ya uzinduzi kila kitu kinabomolewa na watu wanaondoka.

Jiweke kwenye nafasi yao. Umekuja kutoka kwenye ukame, umemimina zege usiku na mchana miaka mitatu, mkeo ameshakufuata, mtoto amezaliwa pale, alafu rais anakata utepe na wewe unatakiwa urudi ulikotoka. Waende wapi? Waligoma kuondoka, wakadai, na mwishoni mwa 1961 Mji Huru ukatambuliwa kisheria, leo unaitwa Núcleo Bandeirante. Hata kabla ya uzinduzi, 1958, ilibidi serikali ifungue mji wa pembeni wa Taguatinga kwa sababu watu walishakuwa wengi na hawana pa kukaa. Mwaka 1971 wakahamisha wakazi wa vibanda vilivyokuwa karibu na katikati wakawapeleka mbali, na mtaa ule mpya ukaitwa Ceilândia, herufi CEI zikitokana na jina la kampeni ya kufuta uvamizi wa ardhi. Yaani watu wanaishi kwenye mji ambao jina lake linatokana na operesheni ya kuwaondoa. Ceilândia leo ina mamia ya maelfu ya watu, na eneo zima la mji mkuu lilihesabiwa watu zaidi ya milioni 2.8 mwaka 2022, wengi wao nje kabisa ya mchoro maarufu.

Abuja nako hivyo hivyo. Mpango ulikuwa na awamu, viwanja vya kati vikawa ghali, na wafanyakazi wakajazana Nyanya, Karu na Mararaba, pembezoni mwa eneo la shirikisho (eneo la mji mkuu linalosimamiwa na serikali kuu) na hata ng'ambo ya mpaka wake, kila asubuhi foleni ya kuingia mjini imefungana. Miaka ya 2003 mpaka 2007 nyumba nyingi zilibomolewa kwa hoja ya kurudisha mpango wa awali. Mpango wa awali haukuwa na nafasi ya kutosha kwa hao watu, sasa unaurudishaje bila kuwatupa?

Ushauri wangu kwa mwanafunzi yeyote wa mipango miji, ukipewa mchoro wa mji mkuu mpya tafuta kambi ya vibarua kwenye ramani. Kama imechorwa kwa nukta nukta, kama kitu cha muda, basi hapo ndo penye mtaa mkubwa kuliko yote wa baadaye, na ni bora uupimie barabara, maji na shule sasa hivi, wakati ardhi bado iko tupu.

Na waliokuwa wanaishi pale kabla?

Hakuna mji mkuu uliojengwa mahali pasipo na mtu, hata pale wanapokuambia ni pori. Abuja kulikuwa na Wagbagyi na wengine, mpango wa kwanza ulikuwa kuwahamisha wote nje ya eneo la shirikisho, gharama ikaonekana kubwa, wengine wakaachwa, na mpaka leo kuna madai ya fidia. Nusantara kuna wenyeji Wabalik na Wapaser wa wilaya ya Sepaku. Canberra ni nchi ya Wangunnawal.

Fidia inakosewa mara nyingi pale pale, mthamini anahesabu nyumba na miti, hahesabu kwamba shamba lile ndo ajira ya familia na kwamba makaburi yako pale. Alafu malipo yanachelewa, bei ya viwanja inapanda, na hela ikija haiwezi kununua hata kipande cha ardhi ile ile. Na hata aliyebaki anahitaji umiliki ulio salama, Dodoma kwa mfano malalamiko ya ardhi yalikuwa mengi kiasi kwamba mamlaka ile ya 1973 ilivunjwa Mei 2017, shughuli zake zikahamia halmashauri, na ikaagizwa hati za miaka 33 ziwe za miaka 99.

Mbona miji mingi mipya inaonekana mitupu?

Mingine ni mitupu kweli, mingine inaonekana hivyo kwa sababu ya vipimo. Naypyidaw ina barabara ya njia 20 mbele ya Bunge. Ukiweka magari ya mji mzima pale bado utaona lami. Barabara pana hivyo inapendeza kwenye picha ya juu, ila fikiria mama mwenye mtoto mgongoni anataka kuvuka, jua la saa saba, hakuna mti, hakuna kivuli, taa ya kuvukia iko mbali, na akivuka anakutana na ukuta wa uzio wa wizara wenye urefu wa mita mia tatu bila geti wala duka. Huyo mama kesho hatembei, atatafuta gari au hatakuja.

Astana, mji mkuu mpya wa Kazakhstan, ni hivyo hivyo kwa baridi, inashuka mpaka nyuzi 30 chini ya sifuri na zaidi, upepo wa nyika unapita kati ya majengo yaliyoachana.

Ila nimtendee haki Costa. Mitaa ya makazi ya Brasília ni kitu ambacho wengi wanaoibeza hawajakiangalia kwa ukaribu. Nyumba ni ghorofa sita basi, zimesimama juu ya nguzo, kwa hiyo chini pako wazi na unapita katikati ya jengo bila kuzunguka. Kila mtaa umezungukwa na ukanda wa miti ambayo sasa imekua, maduka yako kwenye barabara fupi kati ya mtaa na mtaa, shule iko karibu na mtoto anaweza kwenda mwenyewe kwa miguu. Kama vipimo vile vingepewa watu wa Taguatinga badala ya watumishi peke yao, tungekuwa tunaongea habari nyingine kabisa leo.

Jengo la ofisi la kisasa linafanyaje kazi, na kwa nini yote yanafanana?

Yanafanana kwa sababu hesabu ni ile ile. Katikati kuna kiini cha zege chenye lifti, ngazi, vyoo na mabomba, hicho ndo uti wa mgongo wa jengo. Kuzunguka kiini ni sakafu wazi ya kupangisha, na mwenye jengo anataka sakafu kubwa iwezekanavyo kwa kiini kidogo kiwezekanavyo. Nje ni vioo. Lifti ndo zinazoamua urefu, wanapiga hesabu ya asubuhi, kwamba ndani ya dakika tano zibebe kama asilimia 12 mpaka 15 ya watu wote wa jengo, ukizidisha ghorofa lifti zinaongezeka, kiini kinanenepa na nafasi ya kupangisha inapungua.

Shida ya vioo naijua kwa mwili wangu. Nimefanya kazi kwenye jengo la wizara mpya, sitalitaja, dawati langu lilikuwa upande wa magharibi. Kuanzia saa tisa mchana jua linaingia bapa mpaka kwenye skrini, kiyoyozi kinanguruma lakini mgongo unaungua, na sisi tuliokuwa upande ule tulikuwa tumebandika karatasi za A4 kwa gundi ya utepe kwenye kioo kizima, safu kwa safu, zimekuwa za njano. Wenzetu wa ndani karibu na kiini walikuwa wanawasha taa mchana kutwa. Mwanga wa dirisha hauendi mbali, mita sita saba hivi umeshafifia. Madirisha yalikuwa hayafunguki, umeme ukikatika tunatoka nje wote mpaka jenereta iwake. Jengo kama lile linaiga nchi ya baridi ambako jua linatafutwa. Penye jua kali unataka kuta nene, madirisha madogo yenye vivuli upande wa mashariki na magharibi, na jengo jembamba ambalo upepo unapita.

La Défense na Canary Wharf ndo mifano inayotajwa sana, tujifunze nini?

Usafiri. La Défense nje ya Paris ilianza 1958 ili minara isijazane katikati ya mji wa kale, na treni ya RER ikafika 1970, mapema kwa maisha ya mtaa ule. Magari, mabasi na treni vimewekwa chini, juu kuna jukwaa kubwa la zege la watu kutembea, na jengo kubwa la umbo la tao, Grande Arche, likamaliziwa 1989. Makampuni yalijaa. Nisichokipenda ni kwamba jukwaa lile lilifanywa la kazi tu, kwa miaka mingi jioni ikifika pamekufa, upepo na walinzi.

Canary Wharf walienda kinyume. Bandari za zamani za mashariki mwa London zilifungwa 1980, mnara wa One Canada Square wa mita 235 ukakamilika 1991, lakini reli ya chini ya ardhi haikuwepo, kulikuwa na treni nyepesi tu ya 1987 ambayo ilikuwa ndogo. Mjenzi mkuu, Olympia & York, akafilisika 1992 mnara ukiwa na nafasi kibao zisizopangishwa. Njia ya Jubilee ya reli ya chini ya ardhi ilifika 1999 na ndo eneo likashika kweli. Minara ile ile, mahali pale pale, kilichobadilika ni treni.

Watumishi wanakubali kuhama?

Mtumishi mmoja anahama, familia haihami kirahisi. Mume kapewa barua ya uhamisho, mke ana kazi yake mji wa zamani, mtoto yuko darasa la saba, mama mzazi anatibiwa hospitali fulani. Kwa hiyo anapanga chumba mji mpya, Ijumaa mchana ofisi inaanza kupungua watu, na mji unakuwa wa Jumatatu mpaka Alhamisi. Sejong kwa miaka mingi kulikuwa na mabasi ya kuwapeleka na kuwarudisha watumishi Seoul. Yalisaidia watu, siyakatai, lakini yalichelewesha mji. Brazili waliongeza mishahara kuwavuta watu. Canberra idara nyingi zilibaki Melbourne mpaka miaka ya 1950 Waziri Mkuu Menzies alipoamua kulisukuma kwa nguvu.

Kinachofanya kazi kuliko posho ni shule nzuri na hospitali nzuri zifunguliwe kabla ya wizara, na kazi kwa wenza.

Mji wa zamani utakufa?

Hapana. Lagos, Karachi, Almaty, Yangon, Dar es Salaam, zote zimeendelea kuwa kubwa kuliko mji mkuu uliozirithi. Rio de Janeiro, mji mkuu wa Brazili kabla ya Brasília, ilipoteza vyeo na ajira za serikali na iliuma, ila haijafa. Na foleni haiishi, kwa hiyo kama uliahidiwa kwamba foleni ya mji wa zamani itaisha wizara zikihama, usiitegemee. Ilichonacho nchi sasa ni miji miwili ya kuhudumia.

Baada ya korona watu wanafanya kazi nyumbani, bado tunajenga maofisi ya nini?

Swali zuri, na miradi mingi ilichorwa kabla ya 2020. Benki ya HSBC ilitangaza 2023 kwamba itaondoka kwenye mnara wake wa Canary Wharf kwenda jengo dogo zaidi. Watu wanasema basi geuzeni ofisi ziwe nyumba, lakini kumbuka kile kiini nilichoeleza. Vyoo na mabomba yote yako katikati, na sakafu ni pana kiasi kwamba ukigawa nyumba, chumba cha ndani hakipati dirisha. Jengo jembamba la zamani linageuzika, lile nene la kisasa linasumbua. Kwa hiyo anayejenga wizara leo ajenge nyembamba, yenye madirisha yanayofunguka, ili hata matumizi yakibadilika baada ya miaka 30 mtu aweze kuishi mle.

Ninunue kiwanja mapema?

Angalia hati na jina lililoko kwenye hati, angalia kiwanja kimepangiwa matumizi gani kwenye mpango kabambe wa sasa na sio ule wa zamani, ulizia hifadhi ya barabara inapita wapi, na ulizia maji, sio umeme, maji, kwa sababu umeme unavutwa kwa nguzo lakini mji uliowekwa pakavu unaweza kusubiri maji miaka mingi. Tangazo la rais sio hati.

Mji ukishajengwa vibaya unaweza kurekebishwa?

Unaweza, taratibu na kwa gharama. Brasília ilipata metro 2001, na njia zake sasa zinafika Taguatinga na Ceilândia, ila Ceilândia zilifika zaidi ya miaka 30 baada ya watu kupelekwa kule. Canberra ilitandazwa kwa mji wa magari, na treni yake ya mtaani ilifunguliwa Aprili 2019, kilomita 12 kutoka Gungahlin mpaka katikati, miaka 106 baada ya jiwe la msingi, na bado wanaiendeleza kuelekea kusini, ng'ambo ya lile ziwa.